Hukumu ya Mali Iliyozikwa, na Mashine ya Kuitafutia

 Ndugu zetu Waislamu wa Mombasa, Malindi, Lamu, Tanga na visiwani, darasa letu la Nairobi limeletewa suala ambalo baadhi ya wazee walipolisikia walicheka, wakadhani ni mambo ya watoto. Sisi tumeona halifai kuchekwa, kwani ndani yake mna haki za watu, walio hai na waliokufa, na mna jambo ambalo likiachwa litatufikia huko huko pwani, kwenye makaburi ya babu zetu.

Khabari yenyewe ni hii. Vijana wetu wa pwani walioko Nairobi kwa kazi na masomo, wanaokaa upande wa Adams Arcade, wamechanga fedha wakanunua mashine ya kutafutia vyuma ardhini. Kila Jumapili huchukua mashine yao, wakaenda katika viwanja vilivyo kando ya Barabara ya Ngong kutafuta sarafu za kale. Hawafanyi biashara, wasema ni uraibu wao, kama wengine walivyo na uraibu wa mpira au wa kuvua samaki. Wameuliza: je, ni halali? Na wanachokipata ni mali yao? Tena wameazimia, wakija pwani kwa Idi, wachukue mashine hiyo waende nayo magofuni. Hili la mwisho ndilo lililotufanya tuchukue kalamu.

Tuanze na chombo chenyewe, kwani tayari wako waliosema kuwa ni uchawi. Si uchawi. Ni waya uliozungushwa kama duara, unaopitishiwa umeme ukatoa nguvu ya sumaku. Nguvu ile ikikuta chuma, shaba au fedha ardhini, huamsha humo umeme mdogo, na mashine ikausikia ikalia. Alexander Graham Bell, yule mwenye simu, alijaribu chombo cha namna hii mwaka 1881 ili kuitafuta risasi mwilini mwa Rais Garfield wa Marekani. Katika vita vikuu vya pili majeshi yalikitumia kutafutia mabomu yaliyofukiwa mchangani. Na ndugu yetu anayeingia leo katika maduka makubwa ya Nairobi akapitishiwa kijiti na askari wa mlangoni, amekwisha kupitiwa na ndugu wa mashine hiyo hiyo. Chombo hakina dhambi. Hukumu yake hufuata kazi kinayotumiwa.

Wala kutembea uwanjani kutafuta vitu vya kale si haramu kwa asili yake. Twasema wazi, ili asije mtu akatutia maneno kinywani, kwamba kijana anayetembea kwenye majani na mashine yake tangu asubuhi, akasimama kuswali Adhuhuri kwa wakati wake, ni bora mara nyingi kuliko mwenzake aliyeinama juu ya simu akicheza kamari, au aliyekaa kibarazani na miraa mpaka alfajiri. Sharti ni kuwa asiache swala, wala asiwanyime watu wa nyumbani posho yao ili anunue mashine iliyo kali zaidi.

Ugumu uko katika kile kinachotoka ardhini.

Watu wengi wamesikia kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, ameagiza moja ya tano itolewe katika rikazi, yaani mali iliyozikwa. Basi wakadhani kila kinachofukuliwa ni rikazi: mtu atoe sehemu moja kati ya tano, na nne zilizobaki ale kwa raha yake. Sivyo wanavyosema wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii. Rikazi kwao ni mali iliyozikwa zama za ujahilia, kabla ya Uislamu. Nayo ni dhahabu au fedha, ifike kiwango cha zaka, na ipatikane katika ardhi isiyomilikiwa na mtu, au ardhi aliyeihuisha huyo mwenye kupata. Ikiwa na alama ya Uislamu, kama vile jina la mfalme wa Kiislamu au aya ya Qurani, basi hiyo si rikazi. Mwenyewe akijulikana ni yake. Asipojulikana, ni lukata, yaani kitu kilichookotwa, kama alivyoeleza Imamu Nawawi katika Minhaj. Na lukata hukumu yake ni nyingine kabisa: muokotaji azijue alama zake, aitangaze mwaka mzima, ndipo aitumie akitaka, na mwenyewe akitokea baadaye, alipwe.

Sasa tazameni sarafu zipatikanazo karibu na Adams Arcade. Mji wa Nairobi wenyewe ni mtoto wa reli, nayo reli ilifika hapo mwaka 1899. Duka lile la Adams lilijengwa katika miaka ya 1950 na Abdul Habib Adam, na jina lake ndilo lililobaki pale. Basi mashine ikilia mahali hapo, mara nyingi yatoka senti zenye tundu katikati, ambazo wazee wetu walikuwa wakizitunga kwenye uzi. Au shilingi ya Afrika Mashariki yenye sura ya mfalme na ya simba. Au rupia ya Kihindi, ambayo ndiyo iliyokuwa fedha ya nchi hii mpaka 1920, kabla ya florini iliyokaa muda mfupi na shilingi iliyoifuata mwaka 1921. Hakuna hata moja kati ya hizi iliyo ya zama za ujahilia. Zote zilianguka kutoka mfuko wa mtu aliyeishi jana, na huenda mjukuu wake anauza nguo katika soko la Toi hapo hapo jirani.

Twataka jambo hili lieleweke, kwani ndipo penye mzizi. Upande wa pili wa Adams Arcade, kwa mwendo wa miguu, iko Kibera. Walioianzisha ni Wanubi, Waislamu wenzetu, askari wa asili ya Sudani na jamaa zao, waliopewa nafasi pale mwanzoni mwa karne iliyopita kwa sababu ya utumishi wao jeshini. Waliishi zaidi ya miaka 100 bila ya hati, mpaka mwaka 2017 walipopewa hati ya ekari 288. Wao ni watu wenye nasaba zinazojulikana. Basi kijana akifukua kikopo cha rupia chini ya mti katika ardhi ya Wanubi, asiseme kuwa mwenyewe hajulikani. Huenda ni mshahara wa askari aliyeuzika kabla ya kusafiri vitani asirudi, na warithi wake wako Makina wakiswali safu moja na huyo aliyeufukua. Je, ataula?

Katika Sura ya Al-Kahf tumesimuliwa ukuta uliokuwa karibu kuanguka, na chini yake hazina ya mayatima wawili. Al-Khidhri aliusimamisha bila ya ujira, ili hazina ikae salama mpaka mayatima wale wapate nguvu zao. Mja yule alijua ilipo hazina, wala hakuhitaji mashine; na kazi yake ilikuwa kuifunika.

Na katika hadithi iliyopokewa na Abu Huraira, nayo imo katika Sahihi mbili, mtu mmoja wa umma zilizopita alinunua ardhi, akakuta ndani yake mtungi wa dhahabu. Akamrudishia muuzaji, akisema kuwa yeye alinunua ardhi tu, hakununua dhahabu. Muuzaji akakataa, akasema aliuza ardhi na vyote vilivyomo. Wakaenda kwa hakimu wakiteta, kila mmoja akimsukumia mwenzake mali. Hakimu akawauliza kama wana watoto. Mmoja alikuwa na kijana wa kiume na wa pili ana binti. Akaamrisha waozwe, na dhahabu itumiwe kwa ajili yao na nyingine itolewe sadaka. Sisi leo tunateta mahakamani, naam, lakini ugomvi wetu huwa kwa upande wa pili.

Haya, mtu atauliza: hata senti moja yenye kutu itangazwe mwaka? Hapana. Kitu kidogo ambacho mwenyewe hakitafuti, wanazuoni wamekipunguzia muda: hutangazwa kadiri ya kudhaniwa kuwa aliyekipoteza amekwisha kukiachilia, na kile kisicho na thamani kabisa hakina tangazo. Mtume wetu alipita njiani akaona tende moja imeanguka, akasema kuwa lau si kuchelea kuwa ni ya sadaka angeila. Senti za tundu ziko katika mlango huo. Ama mkusanyiko wa rupia za fedha, au pete, au mkufu, huo ni mlango mwingine. Na mwenye kutangaza asiitaje mali kwa sifa zake zote, asije mwongo akazikariri. Ataje baadhi tu. Wala asitangaze ndani ya msikiti, bali mlangoni, watu wanapotoka.

Kabla ya yote hayo pana idhini. Kiwanja cha maonyesho cha Jamhuri kina wenyewe, uwanja wa mbio za farasi una wenyewe, na msitu wa Ngong una wenye kuuangalia. Kuingia katika ardhi ya mtu na kuchimba bila ya ruhusa yake ni kudhulumu, hata kama hukutoka na kitu; na ukitoka na kitu kilichozikwa katika ardhi yake, yeye akidai ni chake ndiye wa kusadikiwa kabla yako. Kando ya barabara hiyo hiyo yako makaburi ya askari wa vita, yaliyofunguliwa 1941, na Wanubi wana makaburi yao Kibera. Huko mashine isifike abadani, awe aliyelala ni Mwislamu au si Mwislamu.

Tufikie sasa safari ya pwani.

Vijana hawa wana hoja yao, nasi hatuidharau. Wasema: watalii wamekwisha chukua vingi, mabakuli ya Kichina yamebanduliwa katika nguzo za makaburi yetu yakenda zake, basi nasi tuchukue kilichobaki kabla hakijaisha. Ni kweli mabakuli yamebanduliwa. Kila aliyetembelea makaburi ya nguzo ameyaona matundu yake. Lakini mwizi wa kwanza hamhalalishii wa pili.

Na tazameni ni kitu gani watakachokivuruga. Alipofika Ibn Battuta Kilwa mwaka 1331, alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, akamsifu kwa ukarimu wake na kwa kuwa alikuwa akiitenga moja ya tano ya ngawira na kuitumia kama Qurani ilivyoamrisha. Sultani huyo alipiga sarafu za shaba: upande mmoja jina lake, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, pande mbili zikikubaliana kwa vina kama beti za shairi. Moja ya sarafu zake imeonekana Zimbabwe Kuu, bara kabisa kusini, ndani ya magofu ya mawe. Kipande kile cha shaba hakinunui hata kikombe cha kahawa. Lakini kwa kuwa kilionekana pale, katika udongo ule, kimetoa ushahidi wa njia ya dhahabu iliyofika Kilwa kupitia Sofala, na wa wafanyabiashara walioipita. Lau kijana mmoja angalikitia mfukoni akaja kukiuza gatini, kingalibaki shaba tu.

Vivyo hivyo Mtambwe Mkuu, Pemba. Mwaka 1984 wataalamu walichimba wakapata hazina ya zaidi ya sarafu 2,000 za fedha, ndogo mno, na pamoja nazo dinari chache za dhahabu za nchi za nje. Zile za fedha zina majina ya watawala wa Kiislamu wa mwambao wetu, wa karibu miaka 1,000 iliyopita. Shanga, katika kisiwa cha Pate, zimepatikana sarafu za fedha zilizo kongwe zaidi ya hizo, nazo zina majina ya Kiislamu. Na Manda, mwaka 2013, ilitangazwa sarafu ya China ya zama za Yongle, aliyetawala 1403 hadi 1424. Wako waliokuwa wakitufundisha kuwa dini hii imekuja pwani juzi, au kuwa miji yetu ilijengwa na wageni tukakaa tukiangalia. Jawabu letu limo katika udongo, tabaka juu ya tabaka, na fundi akichimba kwa kijiko na brashi hulisoma kama usomavyo kitabu. Anayekuja na mashine akatoboa shimo penye mlio, amechana ukurasa ili apate nukta moja.

Kisha hizo sarafu zina majina ya Kiislamu. Kwa hiyo, kama tulivyokwisha kueleza, si rikazi hata siku moja. Wako katika wanazuoni wetu waliosema kuwa mali ya namna hii, iliyopotelewa na wenyewe zamani, hulindwa katika hazina ya umma. Na sheria ya Kenya ya mwaka 2006 kuhusu makumbusho na urithi yaelekea njia hiyo: kitu cha kale ni kile kilichotengenezwa Kenya au kuletwa humu kabla ya 1895, kilichomo ardhini ni cha serikali, hapana ruhusa kukitafuta bila ya kibali, na anayekiona kwa bahati yampasa atoe khabari kwa Makumbusho katika siku 7. Tanganyika nayo ilitunga sheria yake 1964. Basi hata pesa za shaba za Sayyid Barghash, zenye picha ya mizani na tarehe ya 1299 Hijria, na zile za kampuni ya Kiingereza za 1888 zenye jina la Mombasa, zaweza kuingia humo. Magofu ya Gedi yalitangazwa kuwa ya kuhifadhiwa tangu 1927, na mwaka 2024 yameingizwa katika urithi wa dunia. Amri ya mtawala katika jambo lenye maslaha ya watu, lisilo na maasi, yapasa kutiiwa. Mashine ibaki Nairobi.

Liko jambo jingine, na hili latuudhi zaidi kuliko mashine. Baadhi ya watu wazima wa miji yetu, waliposikia khabari za vijana hawa, waliwashauri wasichimbe kabla ya kumwona mganga, kwani hazina, wasema, ina majini wanaoilinda, nao hawaiachii ila kwa mbuzi mweusi na ubani. Na bara, tangu vita vya 1914 hata 1918, watu wanahadithiana dhahabu ya Mjerumani iliyozikwa. Ni kweli Wajerumani walipiga sarafu za dhahabu za rupia 15 Tabora mwaka 1916, zenye picha ya ndovu. Na kwa ukweli huo mdogo watu wamefilisika, wakauza mashamba ili walipe waganga, na shimo halikutoa ila maji. Kuchinja kwa ajili ya jini ni ushirikina, hakuna njia ya kuupunguzia jina. Na rupia inayovaliwa shingoni kwa kuzuia jicho ni kipande cha fedha, asilimia 91 na kitu, basi.

Kadhalika tahadharini na wauzaji. Reale ya Maria Theresa, ambayo babu zetu walifanyia biashara, ina tarehe ya 1780. Lakini iliendelea kupigwa kwa tarehe hiyo hiyo karibu miaka 200 baadaye. Anayeiuza kwa kusema ni ya mwaka 1780, naye ajua sivyo, ameghushi. Na sarafu ya dhahabu au fedha ikiuzwa kwa noti, malipo yawe mkono kwa mkono, si kwa ahadi ya mwisho wa mwezi. Na yenye jina la Mwenyezi Mungu isiingizwe chooni mfukoni. Twaona hili husahauliwa hata na wenye kulijua.

Limebaki suala la pete. Mwezi uliopita mmoja wa vijana aliokota pete ya dhahabu katika uwanja wenye ruhusa, karibu na Adams Arcade, akauliza kama anaweza kuiuza ili walipe gharama za mashine. Tumemjibu kuwa haifai. Ni mali ya mtu, ina maandishi ndani, na aliyeivua au aliyevuliwa huenda bado analia. Kijana ameridhika, Mwenyezi Mungu amlipe kheri. Pete iko mikononi mwa mweka hazina wa darasa, na tangazo lake linatolewa kila Ijumaa mlangoni mwa msikiti na limebandikwa madukani. Maandishi yake hatuyataji hapa. Mwenye kupotewa, awe Mwislamu au si Mwislamu, aje aseme yameandikwa nini, naye atapewa siku hiyo hiyo bila ya kutozwa kitu. Mwaka wa kutangaza utatimia Rajabu ijayo.